Barua kwa Vijana Wachekeshaji: Mtazameni Bert Williams

Wanangu, mnaopanda jukwaani Ijumaa na mnaorekodi klipu kwa simu uani kwa jirani, nawasalimu wote.

Shikamoo zenu nazipokea kila nikipita mazoezini, na maswali yenu pia. Mengi yanarudi palepale: nimchekeshe nani, kwa lipi, na huu uso uliofanya watu wanijue nitauvua lini? Mtu mmoja alihangaika na maswali hayo kabla babu zenu hawajazaliwa. Naomba mkae nami nimweleze, kwa kuwa naona baadhi yenu mnakwenda mahali alipokwisha kufika yeye, na gharama yake inajulikana.

Jina lake Bert Williams, mchekeshaji mweusi wa Marekani. Alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, akakulia California. Alikuwa mrefu, maji ya kunde, mpole, mpenda vitabu. Mwaka 1893 akiwa San Francisco alikutana na kijana wa Kansas, George Walker, wakaunda jozi. Walker alikuwa mtanashati, mcheza ngoma, mwenye mdomo wa kudai malipo. Williams alikuwa yule anayeingia taratibu, bahati mbaya ikimfuata nyuma.

Jukwaa lao lilifanana kidogo na maonyesho ya vikundi vyetu vya sanaa vya zamani, ambapo usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, nyimbo na kichekesho. Tofauti ni kwamba kule, tangu miaka ya 1830, Wazungu walikuwa wakijipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, wanachora midomo mipana, kisha wanamwigiza mtu mweusi kuwa mjinga, mvivu na mwizi wa kuku. Watazamaji wakazoea hivyo hata mtu mweusi mwenyewe alipopanda jukwaani alitakiwa afanane na ule uongo. Williams na Walker walijitangaza kwa tusi lilelile walilotukanwa watu wao, wakiongeza tu kwamba wao ndio wa kweli. Njaa ilikuwepo, na mlango uliokuwa wazi ulikuwa huo mmoja.

Mwaka 1894 San Francisco kulikuwa na maonyesho makubwa, na ndani yake kijiji cha kuonyesha watu wa Dahomey, nchi ambayo leo ni Benin. Waafrika walioahidiwa wakachelewa kufika. Wenye maonyesho wakaajiri Wamarekani weusi wajifanye ndio Waafrika, na vijana wetu wawili wakawa miongoni mwao. Wadahomey wenyewe walipowasili, wale wa kuigiza wakaachishwa kazi. Lakini Williams na Walker hawakuondoka moja kwa moja. Walirudi pale kijijini, wakawatazama watu wale wakiimba na kucheza, na Walker aliandika baadaye kwamba hapo ndipo walipoamua kuwa wakipata nafasi watajaribu kupeleka jukwaani kitu cha Afrika yenyewe.

Nafasi ilikuja. Mwaka 1903 mchezo wao “In Dahomey” uliingia kwenye ukumbi mkubwa wa Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo za New York, mchezo mzima wa muziki ulioandikwa na kuchezwa na watu weusi. Mwaka huohuo waliupeleka London, wakaucheza hata katika viwanja vya kasri la Buckingham mbele ya mfalme Edward VII. Sisemi mchezo ule ulikuwa safi. Vichekesho vya zamani vilibaki ndani yake, na Afrika yao ilikuwa bado ya kubuni. Ila nataka mwone walichofanya: waliacha kumwigiza mtu ambaye hawakupata kumwona, wakaenda kumtazama.

Nawauliza na nyinyi. Yule Mmasai mlinzi mnayemcheza, yule Msukuma mshamba, yule Mhindi mwenye duka, yule mwanamume aliyevaa dera na kujaza matambara kifuani: mmemkuta wapi? Wengi mmemtoa kwenye klipu ya mwenzenu, naye kamtoa kwa mwingine. Watu wanacheka, sikatai. Wanacheka kwa sababu mmewapa walichokwisha kukiamini kabla hamjafungua mdomo. Kazi hiyo ni nyepesi, na ndiyo maana wanaoifanya ni wengi na hakuna anayekumbukwa.

Williams naye alijipaka masizi. Alieleza mwenyewe mwaka 1918 kwamba mara ya kwanza alifanya kama mzaha tu, na ukumbi ukacheka kuliko siku zote. Alisema aligundua kuchekesha pale alipoweza kujiona kama mtu mwingine. Hapo alikuwa anasema kweli ya ufundi, na kila mmoja wenu aliyewahi kuvaa peruki na koti la mtu anaijua. Kinyago kinampa mtu ujasiri. Lakini tazameni hesabu yake yote: rangi ile aliendelea kuipaka karibu maisha yake yote ya jukwaani. Alipokuwa nyota, anayelipwa vizuri, kipenzi cha New York, bado watu walilipia tiketi wamwone na uso ule. Walker aliugua mwaka 1909 akafariki 1911, na Williams akabaki peke yake. Kuanzia 1910 Florenz Ziegfeld alimwingiza kwenye maonyesho yake ya Follies, mtu mweusi peke yake katikati ya kundi la Wazungu. Eddie Cantor, aliyecheza naye humo, alisimulia kwamba hotelini Williams alilazimika kupitia mlango wa nyuma, naye akasema isingemuuma sana kama asingekuwa bado anasikia makofi ya ukumbini masikioni.

Sasa nije kwenye ufundi, kwa kuwa hapa ndipo nawataka hasa. Ndani ya kinyago kile alichopewa, Williams alibadilisha kinachochekwa. Tazameni alivyoimba “Nobody”, wimbo wa mtu ambaye hakuna aliyemsaidia hata siku moja. Muziki alitunga yeye, maneno ni ya Alex Rogers, na mwaka 1906 ulirekodiwa kwenye santuri. Alikuwa anatoka na koti lililochakaa, anaingiza mkono mfukoni, anatoa kijidaftari, anafunua kurasa mojamoja, polepole, mpaka apate alichokuwa anatafuta. Ukumbi umekwisha kucheka na yeye hajatamka neno. Kisha anaanza, nusu anaimba nusu anazungumza. Kilichochekwa pale ni dhiki ambayo kila aliyekaa kwenye kiti, awe mweusi au mweupe, aliwahi kuionja. Rangi ilikuwa usoni, kicheko kilikuwa mahali pengine.

Jambo hilo linahitaji subira, na subira ndiyo inayowapungukia. Mnaogopa kimya. Sekunde tatu zikipita bila mtu kucheka mnaongeza tusi au mnaanguka chini. Jizoezeni kusimama.

Filamu nayo ilimkuta akiwa mtu mzima. Mwaka 1913 alicheza kama mhusika mkuu katika filamu bubu ya kundi zima la waigizaji weusi. Alikuwa mmoja wa wanaume watatu wanaomgombea binti mmoja, na mwishoni anapata busu lake. Kwa miaka ile, busu la watu weusi wawili wanaopendana kwa heshima lilikuwa jambo ambalo kamera haikuzoea. Filamu haikumalizwa. Mikanda ilibaki stoo za kampuni ya Biograph, ikaokolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na jumba la makumbusho la sanaa ya kisasa la New York, na umma ulionyeshwa mwaka 2014, miaka 101 baada ya kupigwa. Humo wenzake wanaonekana na nyuso zao za kawaida, wamevaa vizuri, wanacheza dansi, wanapanda bembea za kuzunguka. Mwenye masizi ni Williams. Mimi nikiitazama namwonea uchungu, maana wenzake walikuwa huru kuliko nyota wao.

Mwaka 1916 alitoa filamu fupi, “A Natural Born Gambler”. Hiyo ipo nzima. Mwishoni mhusika wake yuko jela peke yake, anacheza karata ambazo hazipo na wenzake ambao hawapo. Anagawa. Anachungulia za kwake, anaficha furaha. Anamtazama huyu, anamtazama yule, anaongeza dau. Halafu anashindwa, na unaona uso ukishuka kidogokidogo. Vidole, macho na mabega, basi. Kitendo hicho alikuwa amekicheza jukwaani miaka mingi kabla ya kamera, na ndiyo sababu hakuna mjongeo wa bure.

Alifanya kazi mpaka mwili ukakataa. Februari 1922 alianguka jukwaani Detroit akiwa mgonjwa, na tarehe 4 Machi alifariki New York, hajafika miaka 50. Mtu huyu alikuwa na kipaji cha kucheza maigizo mazito, na alitamani sana kuyacheza, ila waliomlipa walitaka uso uleule.

Nyinyi mna jambo ambalo yeye hakuwa nalo: hakuna aliyewafungia milango mingine yote. Kwa hiyo wale mnaoanza, msikubali kujulikana kwa sura moja mnayoionea aibu mbele ya mama zenu. Wale mmekwisha kujulikana nayo, anzeni sasa kuingiza kazi ya pili katikati ya ile ya kwanza, dakika mbili tu kila shoo, watazamaji wazoee taratibu. Na kila mmoja atafute Walker wake wa kusoma mikataba.

Itafuteni ile filamu ya 1916 kwenye intaneti, muitazame mara mbili bila muziki. Kisha mazoezi yajayo kila mtu aje na kichekesho cha dakika tatu bila maneno, bila lafudhi ya kabila lolote, kuhusu mtu mliyemwona wenyewe kwenye daladala, sokoni au hospitalini. Nitakaa mbele, na nitawaambia nilichoona.

Mzee wenu