Ombwe Hukulihesabu

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Zile kurasa zako za fizikia ulizonitumia kwa simu, za kamba za ulimwengu, zile nyuzi nyembamba za nishati, nimechapishiwa dukani, maana macho haya hayawezi tena milinganyo kwenye kioo kidogo. Nimezisoma penseli mkononi. Umeandika vizuri, tena nimemsomea bibi yako ukurasa wa kwanza, akaitikia amina kana kwamba ni dua. Lakini umesema kamba imesimama, yaani haisambaratiki, na mimi sijaona popote ulipolihesabu ombwe, ile nafasi tupu ambayo kikwanta nayo ina nishati yake.

Kamba ya wanafizikia Nielsen na Olesen ya mwaka 1973 haina taabu. Uga wake umezungushwa kama kamba kwenye mlingoti usio na ncha, hauna pa kuchomokea. Hizi zako za nguvu dhaifu, mojawapo ya nguvu nne za asili, alizozianza mwanafizikia Nambu mwaka 1977, mlingoti wake una ncha. Ndiyo maana Vachaspati na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walipoweka thamani halisi ya pembe ya Weinberg, ile inayopima jinsi nguvu dhaifu na ya umeme zinavyochanganyika, kamba haikukaa.

Wewe unasema fermioni nzito, yaani chembe za jamii ya elektroni na kwaki, zikinaswa ndani ya kamba nishati yao hushuka, na akiba hiyo hulipia gharama ya kuiunda. Sawa. Ila kamba hiyohiyo inavuruga mawimbi yote ya fermioni katika ombwe, si yale yaliyonaswa tu, na mchango huo ni wa daraja lilelile la hesabu ya kikwanta, haupuuziki. Ukitia mmoja daftarini sharti utie na wa pili. Najua jumla yake haina kikomo mpaka uisawazishe, uziondoe kwa kanuni sehemu zisizo na kikomo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, nawe umeiruka.

Na unakwenda kwa nani? Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini! Mwanafizikia Weigel wa hukohuko, pamoja na Quandt na Graham, walilihesabu ombwe, na mwaka 2011 wakaonyesha kuwa kamba yenye chaji, yaani iliyojazwa fermioni, inasimama kwa fermioni ambayo uzito wake haufiki mara mbili ya kwaki ya topu, chembe ya msingi nzito kuliko zote tunazozijua. Na topu yenyewe ni kama GeV 173, kwa kipimo cha uzito wa chembe. Tena ilikuwa nadharia iliyopunguzwa, pembe ya Weinberg wameifanya sifuri, na wakasema wazi kuwa wameifanya hivyo. Fermioni ya uzito huo haijaonekana mpaka leo kule Geneva kwenye mashine ya kugonganisha chembe. Utawapelekea watu kama hao nusu ya hesabu? Wataiona kabla hujamaliza chai.

Sikuvunji moyo. Hapa mtaani nimekwisha kukutangaza, hata muuza samaki anajua mwanangu anakwenda kusomea kamba za mbinguni, na sikumsahihisha. Rudi tu ukalihesabu ombwe. Likikutokea kuwa kamba haisimami, andika haisimami.

Fedha za udhamini nazo umezifanya vivyo hivyo. Umeniandikia posho, hukuniandikia kodi ya chumba, bima wala viza. Tabia hii sijui umeirithi kwa nani. Baba yako usimuulize, atakuonyesha ile dari tuliyoianza kwa bei ya boriti peke yake.

Dari yenyewe inavuja. Boriti ya tatu kutoka mlangoni ukiibonyeza kwa kidole unga unamwagika, mchwa wamekula wakabakisha ganda. Fundi anataka kiasi mbele, nami sitampa mpaka alete mikoko niione kwa macho yangu. Usitume kitu. Nunua koti zito. Baridi ya Nairobi ulikuwa ukiicheka, ya huko ina mvua ndani yake. Sala usiziache kwa kisingizio cha maabara, na wewe hata maabara huna, una karatasi.

Shangazi yako anapanda ndege kutoka Manda Jumanne. Amebeba achari ya embe na mahamri ya siku mbili za kwanza. Mpokee uwanja wa ndege wa Wilson, usimwache akae na mizigo. Chupa za achari mrudishie yeye, zile zenye vifuniko vya chuma, hazipatikani tena hapa.

Mama yako