Nyota si sufuri: namna ya kusoma takwimu za shule ya mtandaoni

Mhariri,

Wazazi wetu walioko Marekani wakitaka kumhamishia mtoto shule ya umma ya mtandaoni, hukimbilia kwanza jedwali la asilimia za wanafunzi wake: umaskini, rangi, lugha. Kwa shule ndogo, jedwali hilo hudanganya upesi.

Tuseme shule ina wanafunzi 60. Mtoto mmoja ni karibu asilimia 1.7, familia tatu zenye watoto wannewanne zikihama, moja ya tano ya shule imekwenda nazo. Hesabu inayopelekwa serikali kuu ni ya karibu na Oktoba 1, ilhali wanafunzi wa mtandaoni huingia na kutoka mwaka mzima. Aliyejiunga Januari hamo.

Safu ya umaskini ndiyo yenye mtego mkubwa. Kwa desturi hupimwa kwa mlo wa shule: bure kwa familia ambayo kipato chake hakizidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini cha taifa, bei nafuu hadi asilimia 185. Shule ya mtandaoni haina jiko, na pasipo mlo mara nyingi hapana fomu ya kuuliza kipato. Sufuri hapo huenda ikamaanisha tu kwamba hakuna aliyeulizwa. Nazo shule za kawaida zinazolisha watoto wote bure, utaratibu ulioenea nchi nzima mwaka 2014, wakati mwingine huandikiwa 100. Mwenye sufuri na mwenye mia wanaweza kuwa na watoto wa hali ileile.

Mtoto wa Kikongo anayezungumza Kiswahili huhesabiwa safu moja ya rangi na Wamarekani Weusi wa vizazi vingi. Kiswahili chake huonekana kwenye fomu ya lugha ya nyumbani tu, anayojaza mzazi siku ya kuandikisha. Mzazi akiandika "Kiingereza" kwa kuhofia mtoto atarudishwa nyuma, mtoto anaweza asipimwe lugha, na asipopimwa hapewi mwalimu wa lugha.

Penye kundi dogo mno, tarakimu hufichwa kwa alama ya nyota (*) kulinda siri za wanafunzi, kwa mujibu wa sheria ya 1974. Nyota si sufuri.

Basi mzazi aombe idadi kamili, si asilimia: wangapi walikuwepo Oktoba, wangapi Mei, wangapi wanajifunza Kiingereza, nani anawafundisha na kwa saa ngapi za moja kwa moja kwenye skrini kila wiki. Nanyi gazetini, mkichapa asilimia, wekeni idadi kando yake.

Mdau wa elimu,
Kentucky, Marekani