Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Makocha wa Mpira wa Kikapu

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mhazini, na suala la viwanja limo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitaeleza kazi iliyochukua sehemu kubwa ya mwaka: kufundisha ulinzi.

Kamati ilimchukua Dyson Daniels wa Atlanta Hawks kuwa mfano wa kusomea. Kijana huyu wa Bendigo, Australia, aliyezaliwa 2003, aliingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 2022 akiwa chaguo la 8 katika uteuzi wa wachezaji wapya, akacheza misimu miwili New Orleans bila makelele. Msimu wa 2024/25, wa kwanza Atlanta, alipokonya mipira 229 katika mechi 76, wastani wa 3 kwa mechi. Tangu Alvin Robertson msimu wa 1990/91 hakuna aliyekuwa ameufikia wastani huo. Alipata tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua zaidi, akaingia kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi.

Vijana wetu wakitazama video zake huona mikono tu, na hapo ndipo wanapoharibikiwa. Mkono wake hufika kwa sababu miguu imetangulia. Kwa hiyo zoezi la kwanza halina mikono kabisa: mchezaji ashike taulo nyuma ya mgongo, ateleze kiubavu upana wa eneo la rangi lililo mbele ya kikapu, mita 4.9, kwa sekunde 20, apumzike 40, mizunguko sita. Miguu isigusane wala kupishana. Ikipishana, mshambuliaji akibadili upande tu, mlinzi amekwisha.

Mikono inafuata baadaye, viganja vikitazama juu, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenye mpira. Apige kutoka chini, wakati mpira unapanda kutoka sakafuni. Anayeshusha mkono kutoka juu hugonga kiwiko cha mwenzake, na refa hana haja ya kufikiri mara mbili. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, faulo ya tano ni benchi, wakati NBA wana sita. Hivyo ujasiri wa kwenye video tuupunguze kidogo.

Kwenye pasi, mlinzi asimame hatua moja nje ya njia ya mpira, amwone mpasi na mtu wake kwa pamoja. Kosa linalojirudia ni kuchomoka mapema: mpasi anatishia, mlinzi anaruka, mtu wake anakata nyuma na kufunga kirahisi. Asome mabega, kwa maana macho hudanganya.

Tusimwige kwa kila kitu. Mitupo yake huru msimu ule haikufika asilimia 60, na mlinzi asiyefunga mitupo huru ni vigumu kumwacha uwanjani dakika za mwisho.

Kamati inapendekeza karatasi ya mechi iongezwe safu ya mipira iliyoguswa, kando ya iliyopokonywa. Tukihesabu ya kupokonya peke yake tunawazawadia wanaobahatisha, na mlinzi aliyeparaza pasi tatu zikaangukia kwa wenzake anaonekana hakufanya kitu. Mwandishi aweke alama moja kila mlinzi anapougusa mpira wa mpinzani, iwe kwenye pasi au kwenye kudunda. Mpira uliozuiwa ukienda kikapuni usiingizwe humo, una safu yake.

Nakala ya karatasi hiyo mnayo. Wenye marekebisho wampe katibu kabla ya kura.