Cheti cha nondo kisiishie bandarini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu chuma tunachoagiza kutoka nje. Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikichangia kontena na wenzangu watatu: nondo, mabati na pipe za mraba. Wafanyabiashara tukikutana, maneno hayachelewi kuangukia kwenye cheti cha ubora, kile ambacho bandarini kila mtu anakiita CoC. Wengi wanataka kiondolewe au angalau kilegezwe. Wanasema kinachelewesha mzigo na kupandisha bei. Mimi nasema kibaki, tena kifike mbali kuliko kinapofika leo.

Nianze na yaliyotukuta wenyewe. Mzigo wetu wa kwanza tuliulipia, ukapakiwa, kabla hatujauliza habari ya cheti. Muuzaji wa ng'ambo alitutumia karatasi ya kiwanda yenye mihuri miwili na safu za tarakimu, akatuhakikishia kwamba inatosha. Haikutosha. Utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa, ambao Shirika la Viwango Tanzania (TBS) liliuanza mwaka 2012, unataka mambo yaanzie hukohuko chuma kinakotoka. Ukishapata profoma, yaani ankara ya awali ya bei, muuzaji wako anaomba ukaguzi kwa kampuni iliyoteuliwa na TBS, sampuli zinachukuliwa na kupimwa, cheti kinatoka, ndipo mzigo upande meli. Ukifika bila cheti unakaguliwa hapa kwa gharama yako, na adhabu juu yake, huku tozo za hifadhi zikihesabu siku.

Wakala wetu alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akiwa amesimama mbele ya kontena. Aliniambia namba zilizo kwenye karatasi hazifanani na zilizo kwenye mzigo. Sikumwelewa, ikabidi anieleze taratibu. Chuma kilichoyeyushwa kwa mkupuo mmoja katika tanuri hupewa namba yake. Namba hiyo inaandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, pamoja na kiasi cha kaboni kilichomo na nguvu ambayo nondo inastahimili kabla haijavutika isirudi tena. Namba hiyohiyo inagongwa kwenye kibati kidogo kinachofungwa kwa waya kwenye kila fungu la nondo. Kibati na karatasi vikikubaliana, unajua kilichopimwa ndicho ulichonacho. Vyetu havikukubaliana. Karatasi tuliyotumiwa ilikuwa ya chuma kingine kabisa.

Hasara ile tuliigawana wanne, na kosa lilikuwa letu. Tangu hapo hatumalizii malipo kabla hatujatumiwa nakala ya cheti. Kwa hiyo mwenzangu anaponiambia CoC imemchelewesha, namuuliza kwanza aliiomba lini. Mara nyingi jibu ni lilelile letu: meli ilikuwa imeshang'oa nanga.

Lakini si hilo hasa lililonifanya niandike. Mwaka jana alikuja dukani mama mmoja, mwalimu mstaafu, anajenga nyumba ya kuishi yeye na wajukuu. Alikuwa na nondo mbili alizonunua mahali pengine, akauliza kama ni za mili 12 kweli, yaani unene wa milimita 12. Tukachukua moja tukaipeleka kwa jirani anayeuza mchele, tukaiweka juu ya mizani ya magunia. Ilisoma kilo 9.

Naomba wasomaji wanivumilie kidogo kwa hesabu hii, maana kila anayejenga anapaswa kuijua. Chukua unene wa nondo kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa 162. Unapata kilo kwa kila meta moja. Nondo ya mili 12 ni 144 gawa kwa 162, karibu kilo 0.89 kwa meta. Ikiwa na urefu wa meta 12, inatakiwa iwe na kilo 10.67 hivi. Ya mili 11 inakuwa na kilo 8.96. Milimita moja tu, ambayo kwa macho huioni, imeondoa asilimia 16 ya chuma. Viwango vinaruhusu tofauti ya asilimia chache kwa sababu hakuna kiwanda kinachotoa nondo zote sawasawa kabisa, ila asilimia 16 si tofauti hiyo.

Sababu ya wizi huu kushamiri iko wazi kwa yeyote aliye katika biashara. Nondo tunanunua kwa tani, tunauza kwa kipande. Tani moja ya mili 12 halali inatoa nondo kama 94. Tani hiyohiyo ikiwa ya mili 11 inatoa zaidi ya 110. Muuzaji anajipatia nondo 17 bila kutoa shilingi, na mnunuzi anaondoka na nguzo ambayo mhandisi alipoichora hakuikadiria hivyo.

Sasa yule mama aliniuliza swali lililonikaa moyoni. Alisema: "Mwanangu, hizi si zimekaguliwa bandarini? Cheti chake naweza kukiona wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Cheti kinaishia kwenye faili la wakala wa forodha. Mzigo ukitoka bandari kavu unauzwa kwa wa jumla, wa jumla anamuuzia wa mkoani, wa mkoani anatuuzia sisi wa reja reja, na katika safari hiyo yote hakuna mkono hata mmoja unaopokea nakala. Kibati nacho ni hivyohivyo. Lori likishusha, vijana wanakata waya kwa koleo, fungu linafunguka, vibati vinabaki vumbini mpaka waokota chuma chakavu wapite. Namba iliyosafiri baharini wiki kadhaa inatupwa mlangoni mwa duka, hatua tano kutoka kwa mtu aliyeihitaji kuliko wote.

Ndiyo maana naiomba TBS, na Wakala wa Vipimo pia, kwa kuwa uzito ni kazi yao, walifikishe sharti hili dukani. Anayeuza nondo za kutoka nje awe na nakala ya cheti cha mzigo ule, na namba ya fungu iandikwe kwenye risiti. Dukani kuwe na mizani, na jedwali la uzito libandikwe ukutani mahali mteja anapoliona. Nondo za viwanda vyetu vya ndani zipimwe kwa mizani hiyohiyo, na hali kadhalika zinazovuka mpaka kutoka Kenya na Uganda, ambazo chini ya sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 huingia kwa alama ya ubora ya nchi zao. Kwenye mabati, geji, yaani kipimo cha unene, na uzito wa zinki iliyopakwa vifuate njia hiyohiyo. Geji 30, ambayo ni nyembamba zaidi, inayouzwa kwa jina la 28 tumeiona sote.

Wapo watakaosema ni mzigo kwa wafanyabiashara wadogo. Mimi ni mmoja wao. Kutoa nakala ya karatasi moja hakufiki bei ya soda, na mizani inanunuliwa mara moja.

Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Sisemi nondo ndizo zilizoliangusha. Ila tangu siku ile, kila ninapoona nguzo ikimiminwa zege najiuliza ndani yake kuna nini, na nani angeweza kuniambia. Zege likishafunika, hakuna mizani tena.

Kwangu vibati havitupwi siku hizi. Navitundika kwenye msumari nyuma ya kaunta, na mteja akinunua namwandikia namba kwenye risiti hata kama hakuomba. Yule mama alirudi, akanunua nondo 40, akazipima sita mwenyewe kwa jirani yangu wa mchele. Lakini nafanya hivi kwa hiari yangu tu. Mwenye duka la mtaa wa pili hafanyi, na bei yake ya mili 12 iko chini ya yangu.

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi,
Mwanza