Mdogo wangu, ile honi bado naisikia

Mdogo wangu, simu zangu hupokei, meseji unasoma hujibu, basi nakuandikia hapa hapa.

Jumamosi nilirudi Amani, kule milimani Usambara tulikompeleka Mama. Peke yangu. Nilishuka Muheza nikapanda bodaboda, ukishapita Sigi kule juu ni baridi na ukungu kama siku ile. Bustani ya miti ipo, Mjerumani aliianza 1902, akaleta miti toka huku na huku ajaribu ipi itamea kwetu. Mama alivyosikia kwinini inatoka kwenye gamba la mti alicheka mpaka akakaa chini, unakumbuka? Hukumbuki, ulikuwa garini.

Sikulaumu kwa kila kitu. Gari lako, mafuta yako, na pale penye utelezi ulimbeba Mama mgongoni, hilo nitalisema popote. Ila ile honi. Mama kasimama chini ya mti wa kafuri, kachuma jani, kalifikicha vidoleni, kalinusa huku kafumba macho, ananiambia "kumbe kafuri nayo ni mti", na wewe ukapiga honi. Mara tatu! Akashtuka jani likamponyoka, akachuma jingine haraka haraka akalifunga kwenye pindo la kanga kama mtoto aliyeiba, akasema twende, mwenzio ana haraka. Haraka ya nini? Tulifika Tanga saa kumi ukaenda kulala.

Miezi miwili baadaye nilikuwa kati ya waliomuosha. Yalipomiminwa maji ya kafuri ikaja harufu ile ile. Tangu afariki nilikuwa sijalia, nililia hapo.

Halafu wewe kwenye arobaini unasema mbele ya wajomba kuwa mimi ndo nilimchosha Mama kwa safari ya mlimani. Nenda Amani, nakushauri kama dada yako, kasimame chini ya ule mti utaelewa kwa nini nilimpeleka. Aliomba mwenyewe! Mwaka mzima Amani, Amani, daktari nilimuuliza hakukataza, sweta nilimvalisha mimi, chupa ya chai nilibeba mimi, sasa ningemkatalia vipi? Nani mwingine alimuuliza anataka nini?

Kanga yake ninayo, sijaifua. Lile fundo kwenye pindo bado lipo, sijalifungua, nakusubiri wewe. Ukija usipige honi nje. Shuka, piga hodi.