Mboga za wazee zisiharibikie jikoni

Mhariri,

Wanaowapelekea wazee mboga mbichi hapa Kigoma wanafanya jema, ila fungu la mchicha peke yake halitoshi. Mchicha uliochumwa alfajiri ukibanwa kwenye mfuko wa nailoni hadi mchana hupata joto na kuanza kuoza. Utiwe kwenye tenga, ufunikwe kwa jani la mgomba, ufike kabla jua halijawa kali.

Jikoni ndiko hasara ilipo. Mboga huoshwa kabla ya kukatwa, si baada, kisha hupikwa kwa maji kidogo dakika tano hivi, na maji yake hayamwagwi. Mawese nayo! Wengi huyachoma mpaka wekundu uishe, na wekundu huo ndio mwili hugeuza kuwa vitamini A. Kijiko kimoja kikubwa kiongezwe mboga zikikaribia kuiva.

Mzee asiye na meno, ambaye mara nyingi huona haya kusema, hatatafuna dagaa wakavu. Waondolewe mchanga, waoshwe, waanikwe, wakaangwe bila mafuta, watwangwe na kuchekechwa. Vijiko viwili vya unga huo vitiwe kwenye uji au mchuzi. Chumvi ipunguzwe, ndimu ikamuliwe: husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga. Chai huyazuia, basi inywewe saa moja baada ya mlo.

Somo hili apewe anayepika, mara nyingi mjukuu au mkwe, palepale jikoni. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza zahanati.

Wasomaji wako,
Ujiji, Kigoma