Kung'fu ya kuchekesha kwa Kibemba huharibiwa na muda, si tafsiri

Mhariri,

Ukisikiliza watu wakizungumzia kuingiza sauti za Kibemba, lugha ya Zambia, kwenye picha za kung'fu za kuchekesha, utadhani kazi yote ni kumpata mtu wa Kasama, kaskazini mwa Zambia, anayekijua Kibemba cha ndani. Mtu huyo anahitajika, hatukatai. Lakini picha nyingi huharibika hata pale tafsiri isipokuwa na kosa, kwa sababu neno limechelewa au mlio wa ngumi umepotea.

Chukua neno moja tu la Kichina, "sifu", ambalo mwanafunzi humwitia mwalimu wake. Lina silabi mbili. Kibemba cha darasani kitakupa "bakasambilisha", silabi sita: stelingi keshafumba mdomo na teke limeruka, sauti bado inatafuta mwisho wa neno. "Mukwai" inabeba heshima kwa ufupi, na inatosha mchezaji akiwa mbali au amegeuza mgongo. Kamera ikisogea usoni, midomo inaonekana ikichongoka kwenye "u", na hapo "bashikulu", yaani babu, hukaa vizuri zaidi. Heshima yenyewe isichezewe ovyo. Mwanafunzi humwambia mwalimu "imwe", yaani ninyi ya heshima. Siku akimtupia "iwe", yaani wewe, ukumbi mzima unajua ugomvi umeanza, na mtafsiri hana haja ya kuongeza tusi. Mzee apewe Kibemba cha Kasama, vibaka wapewe kile cha mjini, cha Kitwe na Ndola, kilichojaa Kiingereza. Na bakuli la tambi likionekana na vijiti vyake, tafadhali msiliite ubwali, yaani ugali.

Picha nyingi za zamani za Hong Kong zilipigwa bila sauti, maneno yakaingizwa baadaye, kwa hiyo hata kwa wenyewe midomo haikulingana sawasawa. Mtazamaji husamehe midomo. Asichokisamehe ni kichekesho kilichofika baada ya mtu kuanguka.

Kwa hiyo mazungumzo yakatwe vipande vya sekunde 10 hadi 15, na kila kipande kisomwe kwa sauti huku picha ikienda, kabla maikrofoni haijawashwa. Sentensi isiyoenea iandikwe upya. Kuisoma mbio si dawa: Kibemba hutofautisha irabu fupi na ndefu, na msomaji anayekimbia hujikuta ametamka neno jingine.

Kuhusu mlio, msimulizi wa kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video, hufunika picha nzima kwa sauti yake, na watu hucheka kwa sababu yake yeye. Ni sanaa yake, tena ngumu. Kila mhusika akipewa sauti yake, kazi ni nyingine kabisa. Mwenye picha aombwe, pamoja na kibali, sauti ya muziki na milio isiyo na maneno. Ikikosekana, watu hutafuta nakala ya sauti za spika sita na kuzima ile ya katikati, ambako mazungumzo mengi hukaa. Maneno huondoka kweli, ila huondoka na nyayo, mlio wa bakuli na nusu ya makofi. Hivyo vyote vitengenezwe upya: koti la ngozi likunjwe na kuchapwa fimbo kupata mlio wa ngumi, karoti ivunjwe karibu na maikrofoni kupata mlio wa mfupa, ufito upungwe hewani kupata mlio wa teke. Mlio ubandikwe kwenye fremu (picha moja kati ya zile zinazopita kila sekunde) ile ile mkono unapogusa mwili.

Makelele ya kupigana yarekodiwe mwisho wa siku, koo likishamaliza maneno ya kawaida. Msomaji arudi nyuma kama nusu mita na fundi apunguze kiwango cha kurekodi, la sivyo sauti inapasuka na ni vigumu programu kuirudisha sawasawa.

Kosa linalowatesa wengi ni sauti inayoanza sawa kisha kuachana na picha polepole. Watu hukesha wakisogeza neno moja moja. Chanzo mara nyingi ni kasi: sauti imerekodiwa juu ya nakala ya fremu 25 kwa sekunde, ikabandikwa kwenye nakala ya fremu 24. Hapo sauti hutangulia kwa sekunde 2.4 kila dakika. Dakika ya kumi ikifika, mtu analia kabla hajapigwa. Nakala moja itumike tangu tafsiri hadi mwisho, na fremu zake kwa sekunde zihesabiwe siku ya kwanza.

Mafundi wa sauti,
Tunduma